Chungu cha Watu Wawili

"Kucha," alisema Lutengano. "Nionyeshe kucha."

Neli akanyoosha mikono. Alikwisha kuisugua kwa majivu, akaisugua tena kwa ndimu, akamalizia na kipande cha sabuni ya waridi ambacho mumewe alikuja nacho kutoka Kitwe, sabuni iliyonuka ndizi zilizoiva zikapitiliza. Lutengano akavishika vidole kimoja kimoja, akavigeuza juani jinsi mtu anavyochagua samaki sokoni, halafu akakunja pua.

"Bado kuna udongo."

"Huo hautoki. Umeshaingia ndani."

"Utatoka. Mbeya hatuendi na udongo, dalingi."

Dalingi! Neno lile la Kizungu lilimtambaa Neli mgongoni kama siafu. Kila alipolisikia alitamani kujipangusa. Lakini alirudi kwenye beseni, akachukua jiwe la kusugulia miguu, akaanza upya kwenye vidole. Safari aliitaka. Aliitaka kuliko kitu chochote alichowahi kutaka tangu aolewe, na ndiyo maana alivumilia yote yale.

Na yalikuwa ya kuvumilia kwelikweli. Lutengano alikuwa amerudi kutoka migodi ya shaba ya Kitwe, Rodeshia ya Kaskazini, na pale Bujonde, kwenye tope la majaruba ya mpunga, alitembea na suti ya kijivu na viatu vya rangi mbili. Nywele alizilowesha mafuta ya kikopo mpaka yakamchuruzika shingoni. Mto wa kulalia uliingia doa la manjano lisilokubali sabuni wala jua, na nzi wakaupenda. Asubuhi alipiga mswaki katikati ya uwanja, akatema povu mbele ya kuku, na kuku, maskini, wakaja mbio kudonoa. Neli alikuwa akitazama pembeni. Mayai ya kuku wale aliacha kuyala.

Hata hivyo alikuwa mumewe. Tangu waoane alikuwa amekaa naye msimu mmoja tu wa mpunga. Miaka mingine yote mwanamume alikuwa shimoni huko, na mwanamke alikuwa hapa, kwa wakwe, akilima na kufinyanga. Sasa amerudi, na bado hawajapata kukaa wawili. Rika lake lote lilikuja kusikiliza gramafoni. Walikuja na njaa zao, wakala pamoja naye barazani kama desturi ya wanaume ilivyo, na Neli akala jikoni na mama mkwe. Wengine walilala papo hapo mkekani, midomo wazi, na Neli akawaruka asubuhi kwenda kuteka maji. Na wiki ijayo Lutengano anarudi Kitwe. Neli alitaka jambo moja tu: ajue kama ana mume au hana.

"Sasa sikiliza mpango," alisema Lutengano. Alikuwa amekaa kitini, mguu juu ya mguu, akijipepea kwa kofia. "Jumamosi tunapanda lori la Hezroni. Tunakaa mbele na dereva, siyo nyuma na magunia. Mbeya nimeshaagiza chumba. Kitanda cha chuma, kina neti. Mlango una ufunguo. Jumapili tunakunywa chai hotelini, ya maziwa, na mkate wa siagi. Tunapigwa picha. Jioni tunatembea barabarani tumeshikana mikono, watu watazame. Wawili tu. Hakuna mama, hakuna jirani, hakuna mbuzi. Kitwe ndivyo inavyokwenda wikendi, dalingi. Wazungu wote, na sisi makarani."

"Umekuwa karani?"

"Ninakaa jirani na makarani."

Neli akainama kwenye beseni ili asimwone akicheka. Lakini maneno mawili hayakumtoka masikioni. Mlango una ufunguo.

Kwao ni Ikombe, kando ya ziwa, ambako wanawake hufinyanga vyungu na wanaume huvipeleka kwa mitumbwi. Lutengano alimwona huko huko. Alitumwa na mama yake kununua vyungu, kijana mwembamba asiye na mafuta kichwani, akashika cha kwanza kilichomjia mkononi. Neli akamwambia, "Hivyo ndivyo mnavyonunua kwenu? Kigonge kwanza." Akamfundisha kukunja kidole na kugonga. Chungu kizima hulia, sauti ikasafiri. Chenye ufa hukoroma, hata kama ufa wenyewe jicho haliuoni. Yule kijana alikaa mchana kutwa akigonga vyungu na kucheka, halafu akavibeba kichwani mpaka mtumbwini, masizi yakimtiririka na jasho usoni, wala hakujali. Huyo ndiye ambaye Neli aliolewa naye. Huyo ndiye aliyekuwa akimsubiri.

Basi na yeye akapanga safari kwa namna yake. Mama yake alikuwa amemletea udongo kutoka Ikombe, na siku Lutengano alipokuwa akiwapigia wenzake gramafoni, Neli alijitenga nyuma ya nyumba akafinyanga chungu. Kidogo. Maishani mwake hakuwahi kufinyanga chungu kidogo namna ile kisichokuwa cha mchezo wa watoto. Alikipandisha ukuta mwembamba, akakilainisha kwa kipande cha kibuyu, akakipaka ngeu nyekundu shingoni, akakianika kivulini, akakichoma kwa mabua na matete. Kilitoka chekundu, hakina hata doa la moshi.

Mama mkwe, Mama Rut, alikiokota akakizungusha mkononi. "Hiki cha nini, mwanangu? Cha dawa?"

"Cha safari, mama."

"Kinatosha watu wangapi?"

"Wawili."

Mama Rut akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Wawili! Na mgeni akibisha hodi?"

"Mbeya hakuna atakayebisha, mama. Nataka tupike kidogo, tule sahani moja, mimi na yeye. Siku moja tu."

Kicheko kikamwisha yule mama. Akamrudishia Neli chungu chake. "Haya. Kigonge nisikie." Neli akagonga, kikalia, na mama mkwe akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Wakati huohuo, kwenye njia ya migombani, mtu akakohoa. Neli alikwisha kuruka ndani na kujibanza nyuma ya mlango.

Alikuwa baba mkwe, Mzee Ambilikile. Neli hakuwahi kulitamka jina hilo, na uso wa mwenye jina hakuwahi kuuona. Ndivyo walivyolelewa watu wa huko: mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Akija huyu, yule huingia porini. Si chuki hata kidogo, ni heshima yenyewe. Kanisani walikuwa wakihubiri kwamba siku hizi si lazima, na vijana wengine waliacha, lakini nyumba ile haikuacha. Mzee alikuwa akikohoa kila kona ya njia, kikohozi kimoja kizito, ili mtoto wa watu apate nafasi ya kujificha bila kukimbia. Hakuwahi kumshtukiza hata mara moja. Miaka yote ile Neli alimjua kwa kikohozi na mlio wa fimbo, akajua siku aliyofurahi na siku aliyochoka.

Siku zile alikuwa mgonjwa. Jino lilimvimbisha shavu, na kikohozi kilitoka kimeambatana na mguno. Neli alimchemshia maji ya chumvi asubuhi na jioni, Mama Rut akampelekea, bakuli likarudi na salamu: "Mwambie mwanangu, ndaga." Asante. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

Jumamosi ikafika. Neli alivaa gauni la buluu lenye mkanda, zawadi ya Kitwe, na viatu vya kisigino vilivyomuuma tangu mlangoni. Lutengano alimzunguka akimkagua, akamnyunyizia manukato shingoni bila kumwuliza. Manukato yakamwingia mdomoni, akatema.

"Ndani ya hilo furushi mna nini?"

"Kaniki yangu. Na chungu."

"Chungu!"

"Kidogo tu. Nilidhani tukifika tungepika, mimi na wewe."

"Kupika? Hotelini kuna sahani za maua, Neli! Unataka watu waseme Lutengano katoka Kitwe kabeba jungu lenye masizi?"

"Halina masizi. Ni jipya."

"Liache hapo."

Alipogeuka kuchukua gramafoni yake, Neli akalifunga furushi vizuri zaidi akalitia kwapani. Hakuliacha.

Kyela sokoni, lori la Hezroni lilikuwa limeshajaa. Hezroni, dereva, mnene, sigara sikioni, alimfungulia Lutengano mlango wa mbele kwa mbwembwe. Lutengano akapandisha sanduku. Akapandisha gramafoni, akaifunga shuka isitikisike. Akapanda mwenyewe. Nafasi ikaisha.

"Na mimi?" aliuliza Neli akiwa chini, visigino vimezama mchangani.

"Gramafoni haiwezi kukaa nyuma, dalingi, sindano itavunjika. Panda nyuma mpaka Tukuyu tu. Tukuyu tutapanga upya."

Basi, gramafoni ilikaa mbele na mke akakaa nyuma. Neli akapandishwa na akina mama waliokuwa humo, wachuuzi wa usipa mkavu, dagaa wa ziwani, akajipenyeza mpaka ukutani, kati ya gunia la mpunga na matenga ya samaki yaliyofunikwa mkeka. Mama mmoja mwenye kifua kipana, Anyitike wa Katumba Songwe, alimtazama gauni lake kwa huruma. "Ugonile, mwanangu. Utanuka leo mpaka ukome," alimsalimu, na Neli akacheka. Bado alikuwa anaweza kucheka.

Ndipo aliposikia kikohozi.

Kimoja. Kizito. Kimeambatana na mguno.

Alidhani amesikia vibaya, lakini hapo hapo sauti ya Lutengano ikasikika nyuma ya lori, changamfu kabisa: "Panda, baba, panda! Kanyaga hapa. Tukuyu ni karibu, jino lenyewe hospitali watalitoa mara moja."

Hakukuwa na pa kutokea. Mlango wa nyuma ndio huo mzee anaopandia. Neli akaunyakua mkeka uliofunika matenga, akajitupa sakafuni, akajifunika mwili wote, kichwa mpaka viatu. Mkeka ulikuwa umekauka kwa mafuta ya samaki wa misimu na misimu.

"Wewe mwanamume!" Anyitike alipiga kelele. "Mkeo yumo humu! Unampandishaje mkwewe?"

"Si mpaka Tukuyu tu, mama? Baba anashuka, sisi tunaendelea. Mambo ya kizamani hayo, hata kanisani wameyakataa. Kaeni tu, mtazoeana."

Mlango wa mbele ukabamizwa. Mzee alikuwa ameshatia miguu yote miwili ndani. "Ee Kyala," Neli alimsikia akisema, chini chini, jina la Mungu limemkwama kwenye shavu lililovimba. Kisha kwa nguvu: "Nishusheni! Mimi nishusheni!" Lakini lori liliunguruma, likaruka shimo la kwanza, na sauti yake ikapotelea kwenye vumbi.

Aliketi mwisho kabisa wa lori, mgongo kwao, uso nje, kofia ameivuta mpaka puani. Akina mama wakahamisha magunia wakajenga ukuta kati yake na mkeka. Hakuna aliyewaagiza. Walifanya wakitoa miguno, na Anyitike akaukalia ukuta ule mwenyewe ili usianguke.

Chini ya mkeka kulikuwa na joto la tanuru na giza la kahawia. Magamba ya samaki yalimbandika Neli mashavuni, yakamwingia puani. Maji ya kitenga fulani kisichokauka sawasawa yalimtambaa taratibu chini ya ubavu, ya vuguvugu, mazito, yakanywewa na gauni. Harufu ya usipa ikachanganyika na yale manukato ya shingoni, na mchanganyiko huo, jamani, haufai kusimuliwa. Lori lilipoanza kupanda milima, tumbo likamjia kooni. Alikuwa amekumbatia furushi. Ndani ya furushi mlikuwa na chungu, na chungu kilikuwa chombo pekee alichokuwa nacho. Angeweza. Alifikiri hivyo, akaona aibu kufikiri. Akafumba mdomo, akameza kilichokuja. Kikaja tena, akakimeza tena.

Kutoka mbele walisikika Lutengano na Hezroni wakicheka.

Kilichomuumiza zaidi hakikuwa samaki. Angekuwa amesahau, Neli alijisemea, angekuwa mjinga tu, ningemsamehe. Lakini alijua. Alikaa kitini pale, mguu juu ya mguu, akapanga kitanda na neti na siagi, na akilini mwake akatupanga na sisi humo, mimi na baba yake, kama matenga. Akamdanganya mzee mgonjwa, hakumwambia kuwa nimo. Na amenuia kuniosha nikifika.

Mahali barabara inapokata kijito, mlima ukiwa nusu, lori lilisimama. Injini ilikuwa inafuka. Hezroni akashuka na kopo kuchota maji, na Lutengano naye akashuka, kitana mkononi, akajichana huku akizunguka kuja nyuma.

"Neli! Shuka unyooshe miguu. Neli?"

Akaona pindo la buluu limetokeza chini ya mkeka.

"Gauni langu!"

Akaparamia lori. Akamsukuma Anyitike, akalivuta gunia, likaanguka, na kabla mtu hajamzuia alikuwa ameushika mkeka kwa mikono miwili akaufunua wote. Jua likamwagika juu ya Neli. Alikuwa amejikunja, magoti kifuani, uso ameuficha kwenye furushi, magamba yanang'aa nyweleni, na ubavu mzima wa gauni umeingia doa jeusi la mafuta.

"Tazama! Tazama ulivyofanya! Nitatembea na wewe vipi Mbeya unanuka hivi?" Akajiziba pua, akageuza shingo, akatema mate nje ya lori. "Ptuu! Inuka. Baba, hebu geuka umwone mkweo, hana pembe huyu. Mwambie ainuke, anatutia aibu."

"Mwee!" akina mama walipiga yowe kwa pamoja. "Unajilaani, wewe!"

Mzee Ambilikile hakugeuka. Alikuwa ameshika ubao wa lori kwa mikono yote, na sauti ilimtoka kwa shida kwa sababu ya shavu. "Lutengano. Mfunike mtoto wa watu."

"Baba, haya mambo ya—"

"Nimesema mfunike."

Lutengano akabaki na mkeka wake mkononi, anacheka cheko la mtu anayetafuta wa kucheka naye, hampati. Hakumfunika. Basi mzee akatupa fimbo yake chini, akateremsha mguu mmoja, akauachia mwili. Aliangukia magoti kwenye kokoto. Neli alisikia mguno wake. Akajikusanya, akapapasa fimbo, na bila kugeuza kichwa hata kidogo akashika barabara kurudi walikotoka, na jino lake.

Anyitike ndiye aliyenyang'anya mkeka akamfunika Neli. Alikuwa analia kwa hasira.

Lutengano akasimama akimtazama baba yake anavyopungua barabarani. Kisha akafuta mikono kwa leso, na uso ukamfunguka. "Haya," alisema. "Ameshuka mwenyewe. Sasa tumebaki wawili tu, si ndivyo nilivyokuahidi? Gramafoni nitaipakata. Njoo ukae mbele, dalingi. Tukuyu utaoga."

Neli akainua ukingo wa mkeka akamtazama. Vumbi lilikuwa limeshikana na yale mafuta ya nywele, na jasho limeyaachia, yanashuka kwenye paji la uso kwa michirizi ya kahawia mpaka kwenye nyusi, yanadondoka kwenye kola. Alikuwa anatabasamu. Meno yake yalikuwa masafi sana.

"Jino la baba je?" aliuliza Neli.

"Jino gani? Si kashuka mwenyewe? Shauri yake."

Neli akasikiliza. Alikuwa amesikiliza vyungu vingi sana maishani mwake, na sauti ile aliijua. Ilikoroma.

Akashuka, ameshika furushi. Lutengano akampa mkono, naye akaupita. Akaingia nyuma ya kichaka kando ya kijito, akavua gauni, akanawa uso na shingo na ubavu kwa maji baridi ya mlimani, akanawa tena, akajifunga kaniki yake kifuani. Alipotoka alikwenda moja kwa moja mlango wa mbele wa lori. Akalikunja gauni vizuri, doa juu, akaliweka kitini ubavuni mwa gramafoni. Juu ya gauni akaweka viatu.

"Unafanya nini?" Lutengano alikuja mbio. "Neli! Usinifanyie mchezo mbele za watu. Chumba nimeshaagiza! Kitanda cha watu wawili!"

"Kalale na gramafoni."

Kwenye lori akina mama wakaangua kicheko, hata Hezroni na kopo lake akageukia mlimani mabega yakimtikisika. Lutengano akamshika mkono. Neli akautazama ule mkono juu ya mkono wake, unateleza kwa mafuta, akausubiri. Hakuuvuta. Mwisho mkono ukajiondoa wenyewe.

"Kwaherini, mama zangu," aliwaambia akina mama. "Ndaga fijo."

"Nenda, mwanangu," alisema Anyitike. "Mguu wa kushuka ni mwepesi."

Akaenda. Nyuma yake alisikia injini ikikohoa, ikashika, na lori likapanda. Hakugeuka. Alitembea pembeni, kwenye majani, nyayo zikifurahia kuwa peku. Huko chini nchi yote ilikuwa wazi: mpunga, migomba, na ziwa limelala mbali kabisa lenye rangi ya bati. Kona ya pili tu, aliona alama mpya za fimbo kwenye vumbi la barabara. Mzee hakuwa mbali. Alikuwa anakwenda polepole, magoti yameumia.

Neli akapunguza mwendo. Ikampasa kutembea nyuma yake njia nzima mpaka Bujonde, na asimpite, na asimwone, na asionekane. Kinyaa kilikuwa bado kimemkaa kooni. Akatema mara moja, akaendelea. Akateleza kidogo, na jiwe likaviringika kutoka mguuni mwake likashuka barabarani likigongana na mengine.

Mbele, nyuma ya kona, fimbo ikasimama.

Mzee akakohoa.

Neli akajibanza kwenye ukingo, kama siku zote. Akangoja asikie fimbo ikiendelea. Haikuendelea. Kikohozi kikaja tena, hiki chepesi zaidi, kikapanda mwishoni. Ikamchukua Neli muda kuelewa. Miaka yote kikohozi kile kilikuwa kikimwambia jifiche, napita. Leo hakikuwa kinasema hivyo. Mzee hakujua ni nani aliyekuwa nyuma yake, ng'ombe au mpita njia au mtoto wa watu aliyemwacha kwenye lori. Alikuwa anauliza.

Naye angejibuje? Sauti yake mzee huyo hakuwahi kuisikia ikimwendea yeye, na leo baada ya yale yote haikuwa siku ya kuanza. Neli akatazama mikono yake, vidole vilivyosuguliwa mpaka vikachubuka, na udongo bado umo kwenye kingo za kucha.

Akafungua furushi. Chungu kilikuwa kizima. Akakiweka kwenye kiganja, akakunja kidole, akagonga.

Kikalia. Sauti ikasafiri, ikapinda kona.

Kisha kikohozi kimoja, kifupi, kizito, kile anachokijua, na fimbo ikaanza kushuka, tok, tok, juu ya kokoto. Neli akaiacha iende, halafu akaifuata. Kwenye kona iliyofuata mzee akakohoa tena, na Neli, kidole kimeshakunjwa, akagonga.